Kuchora Bila Kifutio: Sanaa na Kazi ya Kujisamehe

Katika kazi yangu ya tiba kwa njia ya sanaa, mtu anayejilaumu namtambua zaidi kwa anavyoshika kifutio kuliko kwa anayoyasema. Huchora mstari, huufuta, huchora mwingine palepale, huufuta tena, mpaka karatasi inaota nyuzinyuzi au inatoboka kabla picha yenyewe haijaanza kuonekana. Ndiyo maana sipendi kuanza na penseli. Huweka mezani mkaa wa kuchorea na karatasi kubwa, kwa kuwa mkaa ukishapita huacha kivuli hata ukipanguswa kwa kitambaa, na mchoraji hana budi kuamua la kufanya na alama isiyoondoka.

Wengi hudhani kujisamehe ni kulifuta kosa, au kujiaminisha kwamba halikuwa kubwa. Na kwa kuwa nafsi haidanganyiki kirahisi, hushindwa, kisha hujilaumu hata kwa kushindwa huko. Kwa maoni yangu, kujisamehe ni kukiri kwamba mstari ule ni wangu, umekaa pasipostahili, na bado mkono uleule uliouchora una ruhusa ya kuchora unaofuata. Kujiamini nako huanzia hapo. Anayengoja kujiamini kwanza ndipo achore atangoja sana, maana imani hiyo hufuata nyuma ya maamuzi madogomadogo, hapa nikoleze, pale niache, ambayo mtu ameyafanya mwenyewe na akaona hayakumwangamiza.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani. Mwaka 1914 mwanawe mdogo, Peter, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alitaka kujiunga na jeshi, na kwa umri wake alihitaji ridhaa ya baba. Baba alikataa, mama ndiye aliyemsihi mumewe hata akakubali. Oktoba mwaka huohuo Peter aliuawa vitani huko Ubelgiji. Kabla mwaka haujaisha, mama alikuwa ameanza kubuni sanamu ya kumkumbuka, kazi aliyoiacha mwaka 1919, akairudia miaka kadhaa baadaye, na hatimaye ikasimamishwa makaburini mwaka 1932. Katika mawazo ya mwanzo kijana mwenyewe alikuwamo, amelala, wazazi wake wakiwa kichwani na miguuni pake. Katika kazi iliyokamilika hayumo. Wamebaki baba na mama waliopiga magoti, kila mmoja juu ya kitako chake cha jiwe: baba amejikumbatia, macho yametazama mbele, mama ameinama. Sura zao ni za Kollwitz na mumewe.

Sithubutu kusema kwamba alijisamehe, kwani hilo ni lake. Ninachokiona ni kwamba alianza kwa kumchonga aliyempoteza na akamaliza kwa kujichonga mwenyewe, akapiga magoti mbele ya makaburi mahali ambapo kila mtu angemwona. Hata ile miaka aliyoiacha kazi siihesabu kuwa hasara. Mtu akiniambia hawezi kuendelea na picha yake, simhimizi. Namwomba tu asiichane, aandike tarehe nyuma yake na kuihifadhi, kwa sababu anapoitoa baadaye huona kwa macho yake kwamba jicho linaloitazama sasa lina huruma kuliko lile lililoihukumu.

Kuna mpaka, hata hivyo. Aliyemkosea mtu ambaye bado anaweza kumfikia asijifiche nyuma ya rangi. Kuomba radhi na kurekebisha kinachorekebishika ni kazi nyingine, na kuchora hakuchukui nafasi yake. Vilevile, pale lawama zinapomnyima mtu usingizi kwa muda mrefu au kumletea mawazo ya kujidhuru, nampeleka kwanza kwa daktari wa afya ya akili, na vipindi vya kuchora tunavipanga pamoja na daktari huyo.