Ukiambiwa ini halipasuliki, hujakatiwa tamaa

Tangu kampeni ya Siku ya Homa ya Ini, 28 Julai, simu ya kitengo chetu cha upasuaji wa ini na nyongo hapa Zanzibar haitulii. Wanaouliza chanjo tunawashukuru, lakini wengi wana lalamiko moja: mzee wetu kaonekana ana uvimbe kwenye ini, madaktari wamekaa wametizama picha, wakasema hapasuliwi, basi wamemkatia tamaa au wanataka kitu kidogo. Hilo la kitu kidogo nilimalize hapa hapa. Ukiombwa pesa nje ya risiti chukua jina la mtu na saa uliyoombwa, ulete kwa uongozi, maana anayeomba ana kosa na anayetoa ana kosa, wote wawili mnaweza kufikishwa mahakamani, usije ukasema mimi nilikuwa namsaidia mgonjwa wangu. Haya, tuendelee.

Watu wa pwani tunasema fulani ana maneno ya kukata maini. Sisi wapasuaji tunayakata kweli, na hesabu yetu iko kinyume na ya familia. Nyinyi mnauliza mtatoa kiasi gani, sisi tunatizama kitabaki kiasi gani. Ini zima lisilo na maradhi mengine linaweza kuachwa robo yake tu, hata asilimia 20, na mtu akaishi. Lililopigwa na kemo, zile dawa kali za saratani, linataka libaki kama asilimia 30. Lenye makovu, lile lililosinyaa likawa gumu, asilimia 40 au zaidi, na likiwa limechoka sana halikatwi hata kidogo, kwa sababu mgonjwa atatoka chumba cha upasuaji uvimbe hana, alafu siku ya nne ya tano macho yanageuka manjano, tumbo linajaa maji, anaanza kuongea yasiyoeleweka, ini lililobaki limeshindwa kazi. Hapo hakuna wa kumlaumu ila aliyeshika kisu.

Ndo mana uvimbe wa sentimita 10 ulioko pembeni ya ini zima unaweza kukatwa, na wa sentimita 3 ndani ya ini bovu usiguswe. Mfaransa Couinaud alionesha tangu miaka ya 1950 kwamba ini lina vipande 8, kila kimoja kina mshipa wake wa damu na mrija wake wa nyongo, kwa hivo tunakata kwa kufata vipande, hatukati kama mkate wa mofa. Basi ule uvimbe wa jirani yako wa Jang'ombe aliyekwenda India akarudi mzima si uvimbe wa mama yako, hata kama vipimo vya sentimita ni sawasawa. Tafadhali sana, hili tumelieleza mpaka midomo imekauka.

Na kweli ini hujaa tena, hilo si hadithi. Kipande kilichokatwa hakichipui kama mgomba, kile kilichobaki ndo kinanenepa, wiki hadi miezi. Tunalitumia hilo, ukionekana utabaki na ini dogo mno tunaweza kuomba uzibwe kwanza mshipa unaopeleka damu upande wenye uvimbe, ule upande wa pili ukue, unasubiri kama wiki 4 mpaka 6, alafu picha inarudiwa. Wiki hizo mgonjwa yuko nyumbani, na familia inaanza, wanatuzungusha, wanatuzungusha. Hatukuzungusheni. Tunalisubiri ini.

Sasa "mimi sinywi pombe, ini langu litapata nini?" Hili naulizwa na watu wazima, wenye tasbihi mkononi, kama vile nimewatukana. Bwana, sijakuuliza unakunywa nini. Homa ya ini B na C zinaingia kwa damu, kwa mama kumpa mtoto, kwa tendo la ndoa. Sukari na unene vinajaza mafuta kwenye ini mpaka linapata makovu. Sumukuvu kwenye njugu na mahindi yaliyolala na unyevu nayo imo, na ikikutana na homa ya ini B hatari inazidi mara nyingi. Na B khasa inaweza kuleta saratani hata kabla ini halijapata makovu. Taiwan walianza kuwachanja watoto wachanga 1984 na saratani ya ini kwa watoto ikashuka. Tuache hapo, chanjo wenzangu wa kinga wataieleza vizuri.

Mrija wa nyongo na mfuko wa nyongo ni habari nyengine na ndiko tunakochelewa zaidi. Macho manjano, mkojo kama chai ya mkandaa, choo cheupe kama chokaa, mwili unawasha usiku kucha, na wala hakuna maumivu. Kwa vile haiumi mtu anakaa. Mmoja alinitolea kadi yake ya safari akaniambia "daktari mimi homa ya manjano nishachanjwa". Ile ni ya mbu! Hii ni nyongo imekosa njia, imerudi kwenye damu. Likiwa ni jiwe linatolewa, ukiwa ni uvimbe wa pale mirija inapokutana, ambao unaitwa kwa jina la Klatskin, daktari wa Marekani aliyeuandika 1965, kila wiki ina bei yake. Kombe la aya za Kurani simkatazi mtu, kunywa, lakini kunywa huku ushakuja hospitali. Majani ya kuchemsha ndo nakuomba uyalete na kifurushi chake tuyaone, mengine yanaliunguza ini lenyewe.

Kuna msemo kwamba kisu kikigusa saratani inatawanyika. Nitasema ukweli wote, hata ule usionifaa: sindano ya kutoa kinyama cha kupimwa kwenye uvimbe wa ini huweza kuacha mbegu njiani, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2008 ulipata karibu wagonjwa 3 kwa kila 100. Kwa sababu hiyo mwenye ini la makovu na CT skani yake inaonesha sura kamili ya saratani hatumchomi, picha inatosha, na uvimbe wa mrija unaotarajiwa kukatwa hatuudungi ovyo kupitia ngozi. Alafu tukiacha kuchoma tunaambiwa "hata kinyama hawakuchukua". Lakini kukata uvimbe mzima na pembezoni yake ndo njia yenye matumaini makubwa zaidi, wasioguswa ndo wanaokufa mapema.

Mfuko wa nyongo uliotolewa kwa sababu ya mawe lazima uende maabara, na nyinyi lazima mfate majibu. Saratani ikionekana imeishia kwenye utando wa ndani, haijafika kwenye msuli, ule upasuaji wa kwanza umetosha na karibu wote wanapona. Ikiwa imefika kwenye msuli au kupita, mtu anahitaji kurudi, likatwe na ini la jirani na mfuko na zitolewe tezi. Nimewahi kukuta majibu yana miezi minane kwenye droo, mwenyewe yuko shamba anajua ameshapona.

Swali la "nina muda gani". Watafiti wanatoa namba ya katikati, yaani wapange wagonjwa 11 kwa mstari kwa urefu wa maisha yao, namba ni ya yule wa 6. Watano waliishi zaidi yake. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2010 kwa wagonjwa 410 wa saratani ya njia ya nyongo wasioweza kukatwa, dawa mbili za kemo pamoja zilifika miezi 11.7, dawa moja 8.1. Kwa waliokatwa, utafiti mwengine wa huko huko wa 2019 uliwapa vidonge vya kemo vya capecitabine, ikawa miezi 51 dhidi ya 36 ya wasiopewa, kwa hesabu kali tofauti ile haikufika mstari wa kusema si bahati tu, ila kwa waliofata dawa sawasawa ilifika. Kwa saratani ya ini lenyewe, baada ya kukatwa hurudi kwa wengi, hadi 70 kwa 100 ndani ya miaka mitano, kwa hivo ukiambiwa njoo kila miezi mitatu si mapambo ya kadi.

Karatasi sasa, maana hapa ndo mnapotuchosha. Wengi wa wanaokatwa ini safari yao inavuka bahari, Dar es Salaam au India. Jina la kitambulisho, la faili na la pasi ya kusafiria liwe moja, sio hapa Mwanakhamis, pale Bi Hamisi, kule jina la babu limeruka. Lete CD ya CT skani yenyewe, sio karatasi ya ripoti peke yake, na skani iwe ya hatua tatu ya dawa ya mshipani, ya kawaida tutairudisha. Kipimo cha figo kabla ya skani, na kama unatumia metformin, dawa ya sukari, sema. Usigonge muhuri wa mtaani kuharakisha rufaa, kughushi ni jinai, na faili linasimama kesi ikisikilizwa wakati uvimbe haujasimama.

Na aliyewekewa stenti, yaani kibomba cha plastiki cha kupitisha nyongo kwenye mrija, tarehe yake iandikwe kwenye kadi, kwa kawaida hubadilishwa kila miezi mitatu hivi. Akitetemeka kwa baridi na homa usiku, hata ikiwa Ijumaa usiku, hata kama kliniki yake ni Jumatatu, aletwe usiku ule ule na ile kadi mkononi.