Nyumba zilizoinama za Amsterdam

Wageni wengi wanaofikia kwenye nyumba za wageni za kale kando ya mifereji ya Amsterdam huamini kuwa jengo lililoinama kuelekea barabarani limeanza kuanguka. Hofu hiyo inaeleweka: ukisimama mlangoni na begi lako, paa linaonekana kukuchungulia.

Lakini nyingi zilijengwa hivyo makusudi. Tazama juu, karibu na kilele: kuna boriti iliyochomoza, yenye ndoano. Katika karne ya 17 wafanyabiashara walihifadhi mizigo darini, wakaipandisha kwa kamba na kapi. Ukuta ulioinama ulisaidia isigonge madirisha njiani. Ngazi za ndani ni nyembamba na zimesimama mno (magoti yatakukumbusha), hivyo hata leo kochi hupitia dirishani.

Kuinama ubavuni ni habari nyingine. Nyumba hizi zimekaa juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa kwenye udongo laini. Zikibaki ndani ya maji hudumu, zikipata hewa huoza. Angalia fremu za madirisha. Zikiwa zimekwenda upande, nyumba ilititia, pengine zamani sana. Ufa mpya kwenye matofali ndio wa kumuuliza mwenyeji.