Mfumo wa mizizi na aljebra ya Clifford: kutoka vioo viwili hadi spini ya elektroni

Chukua vioo viwili vidogo visivyo na fremu, visimamishe mezani vikigusana ukingo kwa ukingo, kisha vifungue kwa pembe ya nyuzi 60. Weka kizibo cha soda katikati. Utahesabu vizibo sita: kimoja cha kweli na vitano vya ndani ya vioo. Tazama tena, utaona kwamba hata vioo vyenyewe vinaakisiwa, cha kushoto ndani ya cha kulia na cha kulia ndani ya cha kushoto. Ukifuatilia hizo taswira za vioo, zote zinaangukia kwenye mistari mitatu tu. Pembe ikiwa nyuzi 50, mistari inafika 18 ndipo inapojifunga, na zipo pembe ambazo haijifungi kamwe.

Vitendo vyote vinavyotokana na vioo hivyo kwa pamoja huitwa kundi la uakisi. Kwa nyuzi 60 ni vitendo sita: vitatu vya kuakisi, viwili vya kuzungusha (nyuzi 120 na 240), na kimoja cha kuacha kila kitu kilivyo.

Mwanahisabati hapendi kubeba kioo kizima, hubeba mshale mmoja uliosimama kwa pembe mraba juu ya kioo. Mshale huo ndio mzizi. Kila kioo kina miwili, mmoja kila upande, kwa hiyo vioo vyetu vitatu vina mizizi sita, na ncha zake zinachora pembesita. Mfumo wa mizizi, basi, ni fungu la mishale yenye idadi iliyo na kikomo, ambapo ukiakisi fungu zima kwa kioo cha mshale wowote unapata fungu lilelile.

Huongezwa sharti moja zaidi, na hapo ndipo mambo yananoga. Ukiakisi mshale b kwa kioo cha mshale a, unatoa kwenye b kiasi cha 2(a·b)/(a·a) mara a, ambapo a·b ni urefu wa a mara urefu wa b mara kosaini ya pembe iliyo kati yao. Sharti ni kwamba kiasi hicho kiwe namba kamili, na pia ukibadilisha nafasi za a na b. Zidisha namba hizo mbili na urefu wa mishale unatoweka. Kinachobaki ni kosaini ya pembe iliyo kati yao, mraba wake mara 4. Kosaini haizidi 1, kwa hiyo mishale isiyolala kwenye mstari mmoja ina majibu manne tu: 0, 1, 2 au 3. Hayo ni nyuzi 90. Nyuzi 60 au 120. Nyuzi 45 au 135. Nyuzi 30 au 150. Hakuna pembe nyingine, hata ukienda kwenye nafasi ya vipimo elfu moja.

Kwa kubanwa hivyo, mifumo yote inaweza kuorodheshwa. Mwanahisabati Wilhelm Killing alifanya kazi hiyo kati ya 1888 na 1890, na mwenzake Élie Cartan akaziba mapengo katika tasnifu yake ya 1894. Kuna koo nne zisizo na mwisho, A, B, C na D, na mifumo mitano ya pekee: G2, F4, E6, E7 na E8 (namba ni idadi ya vipimo). Wa mwisho una mizizi 240 katika vipimo vinane. Katika miaka ya 1930 mwanahisabati H. S. M. Coxeter aliorodhesha makundi yote ya uakisi yenye idadi ya vitendo iliyo na kikomo, bila sharti la namba kamili, na humo mna H3, kundi la umbo la nyuso 20 za pembetatu sawa, pamoja na ndugu yake wa vipimo vinne, H4.

Fizikia iliikuta pembesita yetu mwaka 1961. Wanafizikia Murray Gell-Mann na Yuval Ne'eman, kila mmoja kivyake, walipanga chembe nane, zikiwamo protoni na nyutroni, kwenye mchoro mmoja: sita zikakaa kwenye pembe za pembesita na mbili katikati. Ni ileile mizizi sita ya vioo vyetu, ambayo katika orodha huitwa A2. Mpango huohuo ulidai kuwepo kwa chembe nyingine katika familia ya chembe kumi, Omega hasi, nayo ikaonekana katika maabara ya Brookhaven, Marekani, mwaka 1964.

Sasa aljebra. William Kingdon Clifford, Mwingereza aliyefariki 1879 akiwa na miaka 33, alichapisha mwaka 1878 namna ya kuzidisha mishale kama namba. Kanuni ni mbili. Mshale ukijizidisha wenyewe unatoa mraba wa urefu wake. Mishale iliyo kwenye pembe mraba ikibadilishana nafasi, zao linageuka ishara: kwa mishale e1 na e2 yenye urefu 1 iliyo kwenye pembe mraba, e1e2 = −e2e1.

Tujaribu kuakisi. Kioo ni cha e1, wenye urefu 1, na mshale wetu ni x = 3e1 + 4e2. Kanuni ya kuakisi ni kumweka x katikati na kutanguliza alama ya kutoa: −e1 x e1. Sehemu ya kwanza inatoa −3e1. Ya pili ni −4e1e2e1. Tukibadilisha nafasi za herufi mbili za mwisho inakuwa +4e1e1e2, yaani 4e2. Jibu ni −3e1 + 4e2, sawasawa na ambavyo kioo kingefanya. Mzizi umeacha kuwa alama ya kioo, umekuwa chombo chenyewe cha kuakisi.

Akisi mara mbili, kwa a kisha kwa b, unapata ba x ab, ambao ni mzunguko wa mara mbili ya pembe iliyo kati ya mizizi hiyo. Kwa maneno mengine, zao ba linabeba nusu ya pembe ya mzunguko. Sogeza b polepole kutoka kwenye a hadi afike −a: x amezunguka nyuzi 360 na kurudi alipokuwa, lakini zao limetoka 1 likafika −1. Inahitajika nyuzi 720 ili nalo lirudi. Mazao ya namna hii huitwa spina. Mwanafizikia Paul Dirac alipoandika mlinganyo wa elektroni mwaka 1928 alihitaji vitu vinne vinavyozidishana kwa kanuni hizihizi, na spini ya elektroni, yaani sifa yake ya kuwa kama inajizungusha yenyewe, ikatoka humo bila kuongezwa kwa mkono. Mwaka 1975 majaribio ya nyutroni yaliionyesha hiyo −1 maabara.

Kinachonivutia kupita vyote ni hiki. Katika vipimo vitatu spina ina sehemu nne: namba tupu, e1e2, e2e3 na e3e1 (e3 ni mshale wa tatu, wa pembe mraba na e1 na e2). Kwa hiyo yenyewe ni nukta katika vipimo vinne. H3 ina mizunguko 60, kila mmoja ukiwa na spina mbili, chanya na hasi, jumla 120. Nukta hizo 120 ndizo mizizi yote ya H4. Kwa njia hiyohiyo mizunguko 24 ya mchemraba inatoa mizizi 48 ya F4, na 12 ya A3 (kundi la umbo la nyuso nne za pembetatu sawa) inatoa 24 ya D4. Mtafiti Pierre-Philippe Dechant ameonyesha kwamba haya si bahati: spina za kundi zikizidishana hubaki ndani ya fungu lao, na kuakisi spina moja kwa nyingine katika vipimo vinne ni kuzidisha tu, kwa hiyo fungu halina budi kuwa mfumo wa mizizi (bila sharti la namba kamili).