Je, vitabu vya Biblia vimepangwa kwa kufuata miaka?

Katika vikundi vya kusoma Biblia hapa Bukavu, toka Kadutu hadi Panzi, wengi huamini kwamba kitabu kinachotangulia kinasimulia mambo yaliyotangulia. Wana sababu: Mwanzo hadi 2 Wafalme, kwa sehemu kubwa, matukio hufuatana kweli.

Mbele zaidi, vitabu vimekusanywa kwa aina: mashairi na hekima, kisha manabii. Hagai yuko karibu na mwisho wa Agano la Kale, lakini Ezra 5:1 inamtaja akihubiri hekalu lilipokuwa linajengwa upya. Yeremia ndiye anayechanganya zaidi: sura ya 21 ni ya wakati wa mfalme Sedekia, ya 25 inarudi nyuma kwa Yehoyakimu. Nyaraka za Paulo kwa makanisa zimepangwa takribani kwa urefu. Ndiyo maana Warumi, yenye sura 16, iko mbele.

Kuhakiki si kazi ngumu. Soma mistari 3 ya kwanza ya nabii, andika kwenye kaye jina la mfalme, halafu mtafute katika Wafalme. (Baadhi, kama Yoeli, hawataji mfalme yeyote hapo; waache kwanza.) Angalia kama ni wa Israeli au wa Yuda. Ufalme uligawanyika katika 1 Wafalme 12, na anayeruka sura hiyo hupotea kwa manabii.

Anayetaka mfululizo wa masimulizi asome Mwanzo, Kutoka, Hesabu, Yoshua, Waamuzi, Samweli, Wafalme, Ezra, Nehemia, Luka na Matendo: sura 348, yaani siku 116 kwa sura 3 kila siku. Walawi isubiri, wengi hukwama pale.