Jenerali Tito Okello: askari wa keya aliyeongoza Uganda kwa siku 181

Katika masomo ya Vita ya Kagera hapa Dar es Salaam, swali la kwanza kuhusu mtu huyu karibu kila mara huwa ni: Okello yupi? Wazee, hasa wa Unguja, hudhani ni John Okello wa Mapinduzi ya Januari 1964. Waliosoma habari za Uganda humtaja Bazilio Olara-Okello, aliyeongoza askari kuingia Kampala Julai 1985. Huyu ni wa tatu, Tito Lutwa Okello, na jina lisitufanye tuwaunganishe ukoo. Kwa Waacholi na Walango, Okello ni mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha, kama Wasukuma wanavyomwita Shija anayefuata Kulwa na Doto.

Jambo la pili la kuweka sawa ni cheo. Vitabu vingi humwita rais, na si kosa kwa sababu alikuwa mkuu wa nchi. Lakini kiti alichoapishiwa Julai 29, 1985 ni cha Mwenyekiti wa Baraza la Kijeshi. Rais wa kawaida hupata nguvu zake kwenye katiba na kura. Mwenyekiti wa baraza la kijeshi huzipata kwa makamanda waliokubaliana kumweka pale, na siku wakiacha kukubaliana hakuna kifungu cha sheria cha kumkinga. Asiyeliona hilo atapata tabu kuelewa kwa nini miezi sita ilimtosha kuanguka.

Alizaliwa mwaka 1914 huko Namokora, Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1940 alijiunga na jeshi la wakoloni, King's African Rifles (KAR), ambalo bibi na babu zetu waliliita keya, akalitumikia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi hilo ndilo mzazi wa majeshi yote matatu ya Afrika Mashariki. Batalioni ya nne ilizaa jeshi la Uganda, ya sita ilikuwa ya Tanganyika. Amri zilitolewa kwa Kiswahili, Kiswahili cha kambini kisichojali sana ngeli, na ndiyo sababu maofisa wa kizazi chake waliweza kukaa na wenzao wa Tanzania bila mkalimani.

Idi Amin alipopindua serikali ya Rais Milton Obote Januari 25, 1971, askari wa Kiacholi na Kilango waliwindwa kambini na kuuawa. Tito alikuwa miongoni mwa maofisa waliokimbia, na hatimaye Tanzania ikawa maskani yake. Septemba 1972 wakimbizi wenye silaha walivuka mpaka kutoka Tanzania kuelekea Masaka na Mbarara. Shambulio lilivunjika vibaya. Lilitegemea ndege ambayo ingewashusha wapiganaji Entebbe, lakini ndege hiyo, iliyochukuliwa kutoka Dar es Salaam, ilipasuka matairi ilipotua Kilimanjaro. Safari ikaishia hapo. Waliokuwa wakija kwa barabara walikutana na jeshi la Amin likiwa macho, tena bila wenzao waliowategemea.

Miaka 6 baadaye Amin alivamia Kagera, na mambo yakageuka. Wakimbizi wa Uganda waliwekwa katika Kikosi Maalum kilichopigana bega kwa bega na JWTZ, Tito Okello na David Oyite-Ojok wakiwa viongozi wake. Machi 1979 vikundi vya Waganda vilikutana Moshi na kuunda umoja wao wa kisiasa, na Kampala ikaanguka Aprili 11. Tito aliingia katika Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, ambayo makamu wake alikuwa Yoweri Museveni. Mei 1980 tume hiyo ilimwondoa Rais Godfrey Binaisa. Kwa hiyo mwaka 1985 haukuwa wa kwanza kwa Tito kukaa katika chombo cha askari kinachoshika dola, na makamu wa tume ile ndiye baadaye aliyekuja kumng'oa.

Obote alirudi madarakani kwa uchaguzi wa Desemba 1980, Tito akawa mkuu wa majeshi. Museveni aliukataa uchaguzi ule, na Februari 6, 1981 alishambulia kambi ya Kabamba na kuingia msituni. Vita vya Luwero, eneo la kaskazini mwa Kampala, vikala watu. Desemba 1983 Oyite-Ojok, aliyekuwa Mnadhimu Mkuu, alikufa katika ajali ya helikopta. Nafasi yake ilikaa wazi kwa miezi mingi, kisha Obote akampa Smith Opon Acak, mtu wa kabila la Lango kama yeye. Askari wa Kiacholi walikuwa tayari wananung'unika kwamba wao ndio wanaotangulizwa Luwero kufa, huku vyeo vikienda kwingine. Uteuzi ule ndio uliomwaga petroli. Tunausisitiza kwa sababu wengi huyaeleza mapinduzi ya 1985 kama chuki ya makabila tu, wakati chanzo chake cha karibu ni jambo la kiofisi kabisa: nani anapandishwa cheo, na nani anapelekwa mstari wa mbele.

Julai 27, 1985, siku ya Jumamosi, askari wa Bazilio kutoka Gulu waliingia Kampala. Obote alikwisha kimbilia Kenya, na baadaye akaenda Zambia. Siku mbili baadaye aliapishwa Tito, mzee wa miaka 71. Bazilio alikuwa na askari, lakini Tito ndiye aliyekuwa na ukubwa wa kuheshimiwa na kambi zote. Katiba ilisimamishwa, Bunge likavunjwa, uchaguzi ukaahidiwa ndani ya mwaka mmoja. Muwanga akawa Waziri Mkuu, na kabla ya Agosti kwisha nafasi yake ikachukuliwa na Abraham Waligo. Paul Ssemogerere, kiongozi wa chama cha DP, akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani.

Serikali ya mpito huandikwa na kusifiwa kwa orodha yake ya mawaziri, lakini hii ilivunjikia kwingine. Tito aliviita mezani vikundi vyote vyenye silaha: FEDEMU, UFM ya Andrew Kayiira, UNRF ya Moses Ali na FUNA, hivi viwili vya mwisho vikiwa na askari wa zamani wa Amin. Kwa nia, ilikuwa hatua ya upatanisho, nasi tunaiheshimu. Kasoro ilikuwa katika utaratibu. Vikundi vilipaswa kwanza kukusanywa katika kambi zilizotengwa, askari wahesabiwe mmoja mmoja, silaha zisajiliwe na kufungiwa ghalani, ndipo majina yaingie katika orodha moja ya mshahara chini ya kamanda mmoja. Badala yake viliingia Kampala na bunduki mkononi na makamanda wao juu yao. Mji ukagawanyika, kila kikundi na mtaa wake na vizuizi vyake vya barabarani. Mkazi aliyetaka kuvuka mji alisimamishwa mara kadhaa na watu wasiotambua amri moja, na kila kizuizi kilikuwa nafasi ya kuporwa au kuuawa. Jenerali aliyewahi kuamrisha majeshi ya nchi nzima sasa hakuweza kuamuru kizuizi cha mtaa wa pili kiondolewe.

Museveni peke yake ndiye hakuingia. Mazungumzo yalianza Nairobi Agosti 26 chini ya Rais Daniel arap Moi na kuendelea hadi mkataba uliposainiwa Desemba 17. Wasomaji wa magazeti ya hapa kwa miezi ile hushangaa kuona habari za Uganda zimesukumwa kurasa za ndani, na sababu ni kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa anang'atuka na Mzee Mwinyi akaapishwa Novemba 5. Wakati Nairobi wanabishana, NRA, jeshi la msituni la Museveni, ilikuwa inaizingira Masaka na kulishikilia daraja la Katonga, njia kuu ya kutoka Kampala kwenda magharibi. Kambi ya Masaka ilisalimu amri Desemba 10, wiki moja kabla ya saini.

Mkataba wenyewe ulimwacha Tito mwenyekiti, Museveni akawa makamu. Uliweka jeshi jipya la watu 8,480: 3,700 kutoka jeshi la serikali, 3,580 kutoka NRA, na 1,200 waliobaki wagawane vikundi vingine. Hesabu inajumlika vizuri, shida ni kwamba haikulingana na uwanja wa vita. Upande mmoja ulikuwa unaongeza ardhi kila wiki huku ukipewa askari pungufu ya jeshi lililokuwa likirudi nyuma, na upande wa pili uliahidi kutoa watu ambao haukuwa na uwezo wa kuwaamuru. Mkataba wa kugawana jeshi hudumu pale kila mwenye kusaini anapoweza kweli kuwafikisha watu wake kambini siku iliyopangwa. Tito hakuwa na uwezo huo, na Museveni alilijua hilo kwa sababu wasemaji wake walilirudia Nairobi kwa miezi mitatu na zaidi.

Siku 40 baada ya saini, Januari 26, 1986, Kampala ilikuwa mikononi mwa NRA. Museveni aliapishwa Januari 29. Tito alikimbilia Sudan, na sehemu ya jeshi lake ikavuka mpaka huo huo. Kabla ya mwaka kwisha baadhi yao walirudi wakipigana kama waasi kwa jina la UPDA, na vita vikahamia Acholi, nyumbani kwake, ambako baadaye vilizaa kundi la Alice Lakwena na lile la Joseph Kony. Jenerali mwenyewe hakurudi kupigana. Miaka ya 1990 alirejea Uganda kwa msamaha wa serikali ile ile iliyompindua, akafariki mwaka 1996. Mwanawe, Henry Oryem Okello, ametumikia kwa miaka mingi kama Waziri wa Nchi wa Mambo ya Nje katika serikali ya Museveni.