Ukinunua frenchaizi mkononi kwa mtu, kilemba peke yake hakitoshi

Hii imani iko mjini miaka mingi, kwamba mtu akiuza duka lake la frenchaizi, yaani duka linaloendeshwa kwa jina la kampuni nyingine kwa mkataba, mnaelewana bei, unampa hela, anakupa funguo, kwisha. Watu wanaichukulia kama fremu ya Kariakoo, unampa aliyekuwepo kilemba chake unaingia. Jamani sio hivyo, na watu wanaumia kweli.

Anachouza yule ni meza, friji, stoku na wateja waliozoea kuja. Jina la juu ya mlango sio lake, ni la kampuni, yeye kapewa tu haki ya kulitumia, na mkataba karibu kila mara unasema hawezi kumpa mtu mwingine mpaka kampuni ikubali kwa maandishi. Hapo ndio inaingia ada ya uhamisho, ya kukuchunguza wewe mnunuzi, makaratasi ya wanasheria, pengine na treining, na kwa kawaida ni ndogo kuliko ile ada ya kuanzia, anayolipa anayefungua frenchaizi mpya, ambayo watu wanatishana nayo. Nani anailipa? Angalieni mkataba, mkishindwa mpatane.

Marekani kampuni ikiuza frenchaizi lazima impe mnunuzi waraka siku 14 kabla hajasaini, na ada ya uhamisho imo humo. Wewe hapa Dar omba mkataba wote uusome kabla hujatoa hata advansi. Mwenye nyumba naye akubali jina lako kwenye pango, TIN utumie yako, na kama muuzaji anadaiwa mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina la kampuni, kampuni iandike kabisa kwamba deni limelipwa.