Kimelea si jina lingine la mnyoo

Kimelea ni kiumbe kinachoishi juu au ndani ya kiumbe kingine na kujilisha humo. Maana imeishia hapo. Lakini minadani na machinjioni, Magu hadi Misungwi mkoani Mwanza, "vimelea" wamegeuzwa kuwa "minyoo", na kondoo mwenye minyoo akageuzwa kuwa nyama ya kuambukiza.

Neno lenyewe linajieleza. Kumea ni kuota. Katika kauli ya kutendea tunapata kumelea, yaani kuota juu ya kitu kingine, kama mmea unaoshika tawi la mwembe. Kwa hiyo kimelea hutajwa kwa mahali kinapoishi, si kwa umbo. Kupe ni kimelea wala si mnyoo. Nyungunyungu anayechimbwa ufukweni awe chambo cha ndoana ni mnyoo wala si kimelea.

Ndiyo maana swali la kwanza ni: kinamelea wapi, na katika hatua gani? Tegu (mnyoo bapa) aitwaye ekinokoko akishakomaa hukaa kwenye utumbo mwembamba wa mbwa, urefu wake milimita 2 hadi 7 tu. Mayai hutoka na kinyesi hadi majanini. Kondoo akiyameza, kiluwiluwi hutoboa utumbo, husafiri na damu hadi kwenye ini au mapafu, na huko hujenga kifuko cha maji. Mtu akiyameza kwa mikono michafu, maji au mboga mbichi, anashika nafasi ya kondoo: kifuko hukua miaka mingi bila dalili, na kikipasuka kinaweza kuua.

Buchani kitambue hivi: kimezama ndani ya ini lenyewe, ukuta mnene mweupe, maji maangavu, mara nyingi yenye chembe kama mchanga laini. Kile kinachoning'inia kwenye utando wa mafuta ya tumbo, chembamba, chenye doa moja jeupe ndani, ni cha tegu mwingine asiyemdhuru mtu.

Anayeonya kwamba ukila kondoo huyo utapata minyoo yake ana nia njema, ila njia ameikosea. Kifuko hakimwambukizi mlaji. Kinamwambukiza mbwa anayetupiwa ini, na baada ya wiki 6 au 7 mbwa huyo anaanza kumwaga mayai uani, watoto wanapocheza. Dawa ya minyoo anayonyweshwa kondoo haiondoi kifuko. Ini lichomwe hadi liwe majivu, au lifukiwe kina ambacho mbwa hafukui, naye mbwa apewe prazikwanteli, dawa ya kuua tegu, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake. Badala ya "nyama ina minyoo", tuseme: "Ini hili lina kimelea, mbwa asipewe."